Barabara ya Garsen–Lamu: Lami imefika, maji na hofu vingalipo

BARABARA inayotoka Minjila, karibu na mji wa Garsen, hadi Mokowe katika pwani ya kaskazini mwa Kenya si ndefu ikilinganishwa na barabara kuu za humu nchini. Inazidi kilomita 100 tu, na kwa miaka mingi iliorodheshwa miongoni mwa barabara za daraja la tatu kwa nambari C112. Hata hivyo, ndiyo njia kuu ya nchi kavu inayoiunganisha Kaunti ya Lamu na Malindi, Mombasa na sehemu nyingine za nchi. Inapofungwa, Lamu yote hugeuka kisiwa, pamoja na ile sehemu yake iliyo bara.

Kwa zaidi ya nusu karne ya Uhuru, barabara hii ilibaki ya udongo. Ujenzi wa lami ulianza mwaka wa 2017, na kufikia mwaka wa 2021 magari yalikuwa yakisafiri juu ya lami kutoka bonde la Mto Tana hadi ukingo wa bahari. Ilikuwa kazi kubwa iliyosubiriwa kwa hamu. Matukio yaliyofuata, hata hivyo, yameonyesha kwamba matope yalikuwa moja tu kati ya matatizo ya njia hii.

Mkondo wa barabara

Msafiri anayetoka Mombasa hupitia Kilifi na Malindi, akavuka Mto Sabaki na kuendelea kaskazini kwa barabara ambayo zamani ilijulikana kama B8, ile inayokwenda hadi Hola na Garissa. Anapofika Minjila, kilomita chache kabla ya mji wa Garsen, njia hugawanyika. Anayekwenda Garissa hunyoosha, naye wa Lamu hukata kulia kuelekea mashariki.

Sehemu ya kwanza hupita katika delta ya Mto Tana. Barabara huvuka mto huo kwa daraja lililo karibu na kijiji cha Idsowe, kisha huingia katika nyika tambarare ambayo ni malisho ya mifugo ya Waorma na Wardei, na yenye mashamba ya mpunga, ndizi na maembe ya Wapokomo kandokando ya maji. Delta hii ilitambuliwa mwaka wa 2012 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Baada ya daraja kuna Gamba, kituo kidogo chenye kambi ya polisi, kisha barabara huingia Kaunti ya Lamu na kupita Nyongoro kabla ya kufika Witu.

Witu ni mji wa kale wenye msitu wa hifadhi kando yake. Hapo njia nyingine huchepuka kwenda kusini hadi Kipini, mahali Mto Tana unapoingia baharini. Kutoka Witu, barabara kuu huendelea kupitia Mambo Sasa na Mkunumbi, ambapo kuna njia ya kuelekea Mpeketoni, mji wa wakulima ulio karibu na Ziwa Kenyatta. Mbele zaidi kuna vijiji kama Ndambwe na Milihoi, na hatimaye Mokowe, mji wa bara unaotazamana na visiwa. Hapo ndipo gari huishia. Anayekwenda mji wa kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2001 kuwa Turathi ya Ulimwengu, hushuka gatini na kupanda mashua.

Njia ya maji kabla ya njia ya gari

Watu wa eneo hili walisafiri kwa maji muda mrefu kabla ya kusafiri kwa magurudumu. Majahazi yaliunganisha Lamu, Pate na Siyu na miji ya kusini hadi Mombasa na Unguja, yakibeba boriti za mikoko, nafaka na nazi. Bara nako mitumbwi iliteremsha mazao ya Tana. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni ili kuuunganisha Mto Tana na Mto Ozi, na bidhaa zikapata njia ya kufika Kau na Kipini. Baadaye maji ya Tana yenyewe yaliufuata mkondo huo, na leo mto huo humwaga maji yake Kipini.

Witu ndiyo iliyokuwa na umuhimu wa kisiasa. Sultani Ahmed bin Fumo Luti wa ukoo wa Nabahani, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, alijiimarisha huko baada ya ukoo wake kuondolewa Pate, akakataa kuutambua utawala wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1885 alijiweka chini ya ulinzi wa Wajerumani kupitia ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Mkataba wa Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani uliikabidhi Witu kwa Waingereza. Septemba mwaka huo Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na mwezi uliofuata majeshi ya Uingereza yakaushambulia mji na kuuteketeza kwa moto.

Ukoloni uliofuata haukuleta barabara ya maana. Reli ilijengwa kutoka Mombasa kuelekea Uganda, na mji wa Lamu, uliokuwa bandari mashuhuri, ukaachwa pembeni. Njia ya kwenda Garsen ilibaki ya kiangazi, ikipitika wakati udongo umekauka, na Mto Tana ukavukwa kwa kivuko. Hata kusini, msafiri alilazimika kuvuka hori ya Kilifi kwa feri hadi daraja lilipofunguliwa mwaka wa 1991.

Mashamba mapya, mzigo mpya

Mabadiliko makubwa yalianza katika miaka ya 1970, serikali ilipoanzisha mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta huko Mpeketoni. Familia nyingi zisizokuwa na ardhi, hasa kutoka Kenya ya kati, zilipewa mashamba. Mpango huo ulipata msaada wa Ujerumani. Pamba, korosho, mahindi, maembe na matunda mengine yakaanza kuvunwa katika eneo lililokuwa msitu na nyika.

Mazao haya yalihitaji soko, na soko lilikuwa Malindi na Mombasa. Tangu hapo barabara ya udongo ilibeba mzigo ambao haikutayarishiwa. Udongo mweusi wa delta hupasuka wakati wa jua na kuwa utelezi mtupu mvua inaponyesha. Wakati wa masika malori yalizama hadi ekseli, abiria wakashuka kusukuma mabasi, na maembe yakaozea njiani. Mkulima aliuza kwa bei aliyotajiwa na mwenye lori, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Mgonjwa mahututi aliyehitaji hospitali kubwa alitegemea ndege kama alikuwa na uwezo, na kama hakuwa nao, alitegemea rehema ya hali ya hewa.

Lami kutoka kusini ilifika Minjila miaka mingi kabla ya kuelekezwa Lamu. Wakazi wa Lamu walilitaja jambo hili kila msimu wa uchaguzi, nao wagombea hawakuchoka kuliahidi.

Msururu na askari

Tatizo jingine lilikuwa usalama. Katika miaka ya 1990 majambazi wenye bunduki walivamia mabasi mara kwa mara kati ya Garsen na Lamu. Magari yakazoea kusafiri kwa msururu yakisindikizwa na polisi, na dereva aliyechelewa kufika mahali pa kukusanyika aliisubiri safari nyingine.

Hali ilizidi kuwa mbaya baada ya Kenya kupeleka majeshi yake Somalia mwaka wa 2011. Mnamo Juni 15 na 16, 2014, wavamizi waliushambulia mji wa Mpeketoni na vijiji vya karibu, wakaua watu zaidi ya 60. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika. Mwezi uliofuata Hindi na kituo cha polisi cha Gamba vikashambuliwa. Serikali ilitangaza kafyu, na Septemba 2015 ikaanzisha Operesheni Linda Boni ili kuwasaka wapiganaji katika msitu wa Boni.

Barabara ya udongo iliwapa wapiganaji nafasi, kwani ilikuwa rahisi kufukia bomu chini ya mchanga uliochimbuliwa na magurudumu. Kwa sababu hiyo, hoja ya kuweka lami ikawa ya kiusalama kama ilivyokuwa ya kiuchumi. Mnamo Julai 13, 2017, mwaka uleule ujenzi ulipoanza, Maryam El Maawy, Katibu katika Wizara aliyesimamia idara ya kazi za umma, na ambaye alikuwa mzaliwa wa Lamu, alishambuliwa na kutekwa nyara eneo la Milihoi. Wanajeshi walimwokoa akiwa na majeraha ya risasi, lakini alifariki Septemba mwaka huo alipokuwa akitibiwa Afrika Kusini.

Lami yaja

Kandarasi ya kuweka lami, iliyogharimu takriban Sh10.8 bilioni, ilisimamiwa na Mamlaka ya Barabara Kuu Nchini (KeNHA) na kutekelezwa na kampuni ya H. Young. Mafundi walifanya kazi chini ya ulinzi, na mashambulizi hayakukoma. Januari 2, 2020, basi lililokuwa likielekea Lamu lilivamiwa Nyongoro, na watu watatu wakauawa.

Msukumo mwingine ulitokana na bandari. Mradi wa LAPSSET, unaokusudia kuiunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, ulizinduliwa Machi 2012. Gati la kwanza la Bandari ya Lamu lilianza kazi Mei 2021. Bandari bila barabara ni gati la kupigia picha tu, na njia iliyokuwa karibu kukamilika wakati huo ilikuwa hii ya Garsen. Barabara nyingine, ile ya Lamu–Ijara–Garissa, ilichelewa, sababu moja ikiwa mashambulizi dhidi ya wafanyakazi wake.

Manufaa ya lami yalionekana upesi. Safari iliyomaliza siku nzima, na ambayo wakati wa mvua ilichukua siku kadhaa, sasa ni ya saa chache. Wauzaji wa maembe na samaki wanaweza kufikisha bidhaa sokoni zingali mbichi. Ambulensi inaweza kuondoka Lamu bara na kufika Malindi bila kukwama.

Mto wadai njia yake

Lakini mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka wa 2023 ziliufikisha mtihani mpya. Mto Tana ulifurika na kufunika barabara katika sehemu za Gamba na Lango la Simba. Mabasi yalisitisha safari, bei za vyakula zikapanda, na baadhi ya wasafiri wakavuka kwa mashua mahali palipokuwa na lami. Masika ya 2024 yalileta mafuriko mengine.

Sababu yake inaeleweka. Delta ni tambarare, na maji ya Tana hutoka mbali, katika miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya kuzalisha umeme, likiwemo la Masinga, yanapojaa pomoni, maji ya ziada hushuka hadi delta baada ya siku chache, hata kama huko hakujanyesha. Yakifika hukuta tuta la barabara limekatiza njia yake. Kalvati zikiwa chache au nyembamba, maji hurundikana upande mmoja, kisha huvuka juu na kumomonyoa kingo. Barabara ya udongo ya zamani ilikuwa chini, na maji yakapita juu yake bila kizuizi. Tuta jipya linahitaji madaraja na kalvati za kutosha ili mto uendelee kulisha mashamba ya mpunga na malisho yanayoutegemea. Kuinua barabara pekee bila kuyafungulia maji ni kuhamisha mafuriko hadi milangoni pa wanakijiji.

Hofu nayo haijaisha. Mwaka wa 2023, barabara ikiwa tayari ina lami, magari yalivamiwa tena na watu wakauawa. Lami hufanya iwe vigumu kufukia bomu na humwezesha askari kufika haraka, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya doria, wala ya imani kati ya vikosi na wakazi, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kuona sura ngeni msituni.

Kwa hivyo, historia ya barabara hii haipaswi kuandikwa kana kwamba ilikamilika siku mashine ya kushindilia lami ilipofika Mokowe. Kazi iliyosalia ni kuipanua mikondo ya maji kati ya Minjila na Nyongoro na kuzidisha ulinzi kati ya Nyongoro na Milihoi. Kazi hizo hazina sherehe ya uzinduzi wala utepe wa kukatwa. Hata hivyo, ndizo zitakazoamua kama mkulima wa Mpeketoni atafikisha maembe yake Mombasa mwezi wa masika, na kama mama mjamzito wa Witu atafika hospitalini kabla ya mto kufika barabarani.