Kwa nini handikapu ya Mzee ilipanda

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na zile makala za hifadhidata. Samahanini, zitangoja kidogo. Wiki iliyopita mzee mmoja wa idara ya uhasibu alikuja mezani kwangu na simu mkononi, uso umekunjamana, akaniambia, "Kijana, hii programu imeharibika. Hebu iangalie."

Mzee huyu hucheza gofu ya ridhaa. Kwa miaka miwili amekuwa aking'ang'ana kushusha handikapu yake chini ya 18, na mwezi uliopita ilipofika 17.5 alinunulia ofisi nzima sambusa. Jumamosi alicheza vizuri tena, mikwaju 92 kwenye uwanja mgumu, akaingiza matokeo kwenye simu. Kesho yake ikasoma 18.0. Mtu amecheza vizuri, namba imeharibika! Hata mimi nilishuku hitilafu.

Kwa wale msiocheza: handikapu hueleza ni mikwaju mingapi mchezaji wa kawaida apunguziwe ili ashindane na fundi bila kuonewa. Fundi ni sifuri. Namba ikishuka, heshima inapanda.

Nilikaa na kalamu na karatasi nikapiga hesabu yote upya. Programu haina kosa. Lakini kuelewa kwa nini haina kosa kulinirudisha nyuma zaidi ya miaka 300, na ndiyo maana leo mnasoma historia badala ya hifadhidata.

Neno lenyewe halikuzaliwa kwenye gofu. Lilikuwa jina la mchezo wa kubadilishana vitu, ambapo watu walitumbukiza mikono ndani ya kofia. Samuel Pepys, yule karani wa London aliyeandika shajara, alisema aliucheza kwa mara ya kwanza mwaka 1660. Kutoka hapo likahamia kwenye mbio za farasi (farasi mwenye kasi anabebeshwa uzito zaidi), kisha gofu ikaliazima. Wazo lenyewe kwenye gofu ni la zamani vilevile. Mwaka 1687 Thomas Kincaid, mwanafunzi wa Edinburgh, aliwaza kwenye shajara yake: ukimpa mpinzani wako nafuu, je, mchezo umekuwa sawa kweli, au umejidhulumu? Swali hilo bado halijaisha. Mzee wangu aliniuliza karibu vilevile.

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa mapatano ya mdomo. Dhaifu anapewa mkwaju mmoja kila shimo la pili, au kila shimo la tatu, mnaanza. Inafaa mkiwa mnajuana. Mwishoni mwa karne ya 19 klabu za Uingereza zikawa na watu wengi, ikabidi kutafuta kanuni. Wengi walichukua raundi tatu bora za mwaka, wakatoa wastani, wakaondoa idadi ambayo fundi angepiga. Msimbo wa mistari mitatu! Tatizo ni kwamba kila klabu ilikuwa na "fundi" wake, kwa hiyo handikapu ya 10 ya huku haikuwa 10 ya kule.

Waliolishughulikia kwanza kitaifa walikuwa wanawake. Ladies' Golf Union iliundwa Uingereza mwaka 1893, na katibu wake wa kwanza, Issette Pearson, alisukuma mfumo mmoja wa handikapu kwa klabu zote zilizojiunga. Mwenyewe alifika fainali ya ubingwa wao mwaka 1893 na 1894, akashindwa zote na Lady Margaret Scott. Wanaume wa Uingereza walingoja hadi miaka ya 1920 ndipo vyama vyao vikakaa pamoja juu ya jambo hilohilo. Sijui kwa nini mama huyu hatajwi zaidi.

Marekani ilikuwa na Leighton Calkins wa New Jersey, aliyepanga mfumo wa raundi tatu bora miaka ya mwanzo ya 1900. USGA, chama cha gofu cha huko, kikauchukua mwaka 1911. Ili kupima ugumu wa viwanja walifanya jambo ambalo msanidi yeyote atalitambua: walikisia Jerome Travers, bingwa wao wa ridhaa, angepiga mikwaju mingapi kwenye kila uwanja. Yaani binadamu mmoja aliandikwa ndani ya msimbo kama thamani isiyobadilika.

Hapo ndipo palipofichika hitilafu kubwa iliyodumu miongo mingi. Uwanja ulipimwa kwa jicho la fundi. Lakini msitu na bwawa havimsumbui fundi kama vinavyomsumbua mtu wa handikapu 20, ambaye mpira wake unakwenda unakotaka. Viwanja viwili vinaweza kuwa sawa kwa fundi na vikawa mbingu na ardhi kwa mchezaji wa kawaida.

Aliyelitatua ni Dean Knuth, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipokuwa akisomea Monterey, California, miaka ya 1970. Alipendekeza kila uwanja upimwe mara mbili, kwa fundi na kwa mchezaji wa kawaida, halafu tofauti ya vipimo hivyo igeuzwe kuwa namba: slopu. Uwanja wa wastani ni 113, mwepesi kabisa 55, mgumu kabisa 155. Mwaka 1981 alijiunga na USGA, mwaka 1982 slopu ikajaribiwa Colorado, na mwaka 1987 ikaenea Marekani. Walimbatiza Papa wa Slopu (wa Roma, si wa baharini).

Tuione ikifanya kazi. Mzee alipiga 92. Fundi angetarajiwa 71.2 pale, na slopu ni 128. Toa 71.2 kutoka 92, zidisha kwa 113, gawa kwa 128: unapata 18.4. Mikwaju hiyohiyo 92 kwenye uwanja wa 69.0 wenye slopu 105 inatoa 24.8. Kadi ni moja, thamani mbili.

Sasa kesi yenyewe. Tangu 2020 mifumo sita mikubwa iliunganishwa kuwa mmoja wa dunia, ambao hata Kenya tunautumia. Unaweka raundi zako 20 za mwisho, unachukua nane bora, unatoa wastani. Ni foleni: moja ikiingia, ya zamani zaidi inatoka. Nane bora za Mzee zilikuwa 14.3, 16.8, 17.0, 17.5, 18.1, 18.4, 18.6 na 18.9. Wastani 17.5. Ile 14.3, siku ambayo kila mpira ulimtii, ndiyo iliyokuwa mwisho wa foleni. Jumamosi ilipoingia 18.4, yenyewe ikatoka. Wastani mpya 18.0.

Kumbe handikapu haikuambii wewe ni nani kila siku. Inakumbuka siku zako nzuri tu, na mchezaji huifikia takriban mara moja kati ya nne au tano. Wajanja huigeuza kinyume: wanacheza vibaya makusudi namba ipande, kisha wanabeba zawadi. Kwa hao kuna breki: ukipanda zaidi ya 3 juu ya kiwango chako bora cha mwaka, ziada inakatwa nusu, na kuzidi 5 haiwezekani.

Nilimweleza Mzee yote haya. Akanyamaza, akauliza, "Na inayofuata kutoka ni ipi?" Nikaangalia. Ni ile 24.8, haimo kwenye nane. Akicheza vibaya haimdhuru, akicheza vizuri anashuka. Ijumaa saa tisa kiti chake kilikuwa kitupu.