Fabrizia Pons: dada wa kiti cha pili

Wadau, kila tukibishana habari za rally pale kwenye veranda ya hosteli, majina yanayotajwa ni ya madereva tu. Mi leo naandika juu ya mtu wa kiti cha pili. Anaitwa Fabrizia Pons, Mtaliano, kazaliwa Turin mwaka 1955.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Huku kwetu tunamwita msoma ramani, jina ambalo naona linadanganya kidogo. Kabla ya mashindano, dereva na mwenzake wanapita njia polepole. Dereva anataja anachokiona, mwenzake anaandika: kona kali kushoto, mlima, mita mia moja, daraja jembamba. Siku ya mbio anamsomea yote hayo kwa kipaza sauti cha ndani ya helmeti, huku gari linaruka kama limechanganyikiwa. Akisoma mapema mno dereva anasahau, akichelewa wote wako mtaroni. Na hapo hapo anaangalia saa, maana kuchelewa kituo cha ukaguzi ni adhabu, na kuwahi nako kunaweza kuwa adhabu. Jaribu kusoma notsi za mtihani kwa sauti ndani ya daladala bovu, utanielewa.

Pons mwenyewe alianza kama dereva. Mwaka 1981 akaingia kwenye Audi Quattro pamoja na Michèle Mouton, Mfaransa, na Oktoba mwaka huo wakashinda Rally ya Sanremo. Wakawa timu ya kwanza ya wanawake watupu kushinda rally ya ubingwa wa dunia. Watu wanausimulia kama ushindi wa Mouton, lakini ndani ya gari walikuwa wawili!

Mwaka 1982 ndio ulikuwa balaa. Walishinda Ureno, wakashinda Ugiriki, wakashinda Brazil, na ubingwa ukawa kati ya Mouton na Mjerumani Walter Röhrl. Wakaenda Ivory Coast. Kabla tu ya kuanza, Mouton akapata habari kuwa baba yake amefariki. Akaanza hivyo hivyo, na wakaongoza. Kisha giaboksi ikasumbua, Röhrl akawakaribia, na mwishoni wakapata ajali, wakatoka. Röhrl akashinda rally na ubingwa, pointi 109 kwa 97. Sehemu hii mi hunikaa kichwani. Fikiria kumsomea kona mtu aliyefiwa, siku baada ya siku, na sauti yako haitakiwi kutetereka hata kidogo.

Pasaka ya 1983 wakaja kwa majirani zetu Kenya, kwenye Safari. Safari ya enzi zile haikuwa mchezo: barabara hazikufungwa, unakutana na mabasi, ng'ombe, vumbi na tope siku hiyo hiyo. Ari Vatanen akashinda na Opel, Hannu Mikkola akawa wa pili, Mouton na Pons wa tatu. Kwa safari ndefu namna ile, hesabu ya saa ilikuwa nusu ya vita.

Sasa kuna wabishi watakaosema Pons alibebwa na dereva mkali. Haya, twende Monte Carlo, Januari 1997. Huko barabara moja ina lami kavu, barafu na theluji, hivyo notsi zikikosewa mmekwisha. Safari hii kamsomea Piero Liatti kwenye Subaru Impreza, na wakashinda. Zaidi ya miaka 15 tangu Sanremo! Liatti hakuwahi kushinda rally nyingine ya ubingwa wa dunia. Pons ilikuwa ya tano.

Na bado hakutulia. Dakar ya 2005 alikuwa ndani ya Volkswagen na Jutta Kleinschmidt, wakamaliza wa tatu, yeye akiwa na miaka 49.

Mwenye mzee aliyesimama kando ya barabara Kenya Pasaka ile ya 1983, hebu amuulize kama anaikumbuka Quattro ya kina dada wawili.