Betri na inveta botini: Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

Hadi mwaka 2007 Wilaya ya Tarime ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mwaka huo iligawanywa, ikazaliwa Rorya, na mialo ya wavuvi kama Sota ikabaki upande wa wilaya mpya. Hata hivyo, dagaa wanaoliwa Tarime mjini na Mugumu, wilayani Serengeti, bado hutoka katika ziwa hilo, na huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa wa karabai. Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za LED na betri, na hapo ndipo swali la inveta huzuka.

Betri hutoa umeme wa volti 12 unaokwenda upande mmoja. Inveta huugeuza kuwa wa volti 230, kama ule wa Tanesco. Kazi hiyo ina gharama: takriban asilimia 10 ya umeme hupotea kama joto, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo mvuvi ambaye mahitaji yake ni taa za volti 12 na kuchaji simu hana haja ya inveta hata kidogo. Fedha hiyo ni afadhali anunue betri bora.

Inveta hufaa kwenye boti kubwa yenye friji au televisheni. Betri ya asidi ya Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara hufa mapema. Zinabaki wati-saa 600, zinazotosha kuendesha kifaa cha wati 60 kwa takriban saa tisa. Tahadhari na friji: inapowaka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kiwango kilichoandikwa, na inveta ndogo hujizima. Betri ya gari nayo haifai. Imeundwa kuwasha injini, si kutoa umeme usiku kucha. Ile ya lithiamu ni ghali, ila huweza kutumiwa hadi asilimia 80 na ni nyepesi, jambo lenye uzito wake majini.

Injini nyingi ndogo za boti, zile za kuvuta kamba, hazichaji betri. Hivyo lazima pawepo paneli ya sola yenye kidhibiti chaji, au betri ichajiwe nchi kavu. Ukiunganisha betri mbili, ziwe za aina na umri mmoja, kwani iliyochoka huiua nzima.

Usalama usipuuzwe. Mzigo wa wati 1,000 kwenye volti 12 huvuta zaidi ya ampea 80, hivyo nyaya ziwe nene na fupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya. Betri za asidi zifungwe imara chini ya chombo, mahali penye hewa, kwa kuwa zinapochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Inveta ikae juu, mbali na maji: volti 230 katika boti iliyolowa huua.