Tambua kinachoharibu ladha ya maji kabla ya kununua chujio

Kabla ya kugharimika kwa chujio, chunguza kwanza kinachoharibu ladha ya maji yako. Harufu ya klorini katika maji ya mfereji hupungua yakichemshwa. Iwapo yaliyochemshwa yamechapwa, yamimine mara kadhaa kutoka jagi safi hadi jingine ili yapate hewa, kisha uyahifadhi mtungini. Udongo huyapoza bila stima.

Chumvi ya baadhi ya visima vya Pwani ni shida nyingine. Kuchemsha hakuiondoi, na mtambo wa kuiondoa ni ghali. Afadhali kuvuna maji ya mvua na kuyatibu.

Hata hivyo, ulimi hudanganya. Floraidi, iliyozidi katika visima vingi vya Nakuru na inayochakaza meno ya watoto, haionjeki wala haiondoki kwa moto. Chujio la mkaa wa mifupa ndilo huipunguza.