Maji Yaliyokupwa Saa Isiyo Yake

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa ufukweni Dar es Salaam. Mwezi ulikuwa mpevu, bamvua limepamba moto, na maji yaliyokupwa asubuhi yalikuwa yanajaa kama desturi. Mchana yakageuka ghafla. Yalirudi nyuma upesi, mitumbwi ikabaki imelalia mchanga, na vijana wakayafuata huku wanacheka. Mimi nilisimama nikitazama. Nilikuwa nimefundisha jiografia miaka mingi, na sikuwa na neno la kuwaambia.

Waliokuwa mbele yangu walitoka salama. Penginepo katika mwambao wa Tanzania watu wasiopungua 10 walikufa maji siku ile. Shule ilipofunguliwa Januari, msichana wa kidato cha pili akaniuliza: “Mwalimu, mabamba ya dunia ulitufundisha. Mbona hukutuambia kwamba bahari ikikimbia, na sisi tukimbie?” Nikamwambia akae. Hilo ndilo jibu nililompa, na limenisumbua hadi leo.

Basi nikaanza kusoma habari za Sumatra. Huko bamba la Bahari ya Hindi huzama chini ya jingine, polepole, na mahali yanapogusana hung’ang’aniana kwa miaka mia na zaidi. Yakiachiana, sakafu ya bahari hunyanyuka na maji huondoka nayo. Mwaka 2004 yaliachiana kwa urefu wa kilometa 1,300 hivi, kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1.

Kilichonishangaza ni matumbawe. Tumbawe hai halikui kupita maji yanapokupwa. Ardhi ikipanda, kichwa chake hufa, ikishuka, hukua tena juu. Tena lina pete za miaka kama mti. Kerry Sieh, Mmarekani, na Danny Hilman Natawidjaja wa Indonesia waliyakata matumbawe ya visiwa vya Mentawai wakayasoma kama mtu asomavyo daftari, wakakuta humo matetemeko makubwa ya 1797 na 1833. Wakaona kwamba deni linakaribia kulipwa. Katikati ya mwaka 2004 wakaacha vyombo vyao kidogo, wakawagawia wanavijiji mabango na vipeperushi vya kueleza hatari hiyo. Miezi michache baadaye dunia ikapasuka, lakini kaskazini zaidi, ambako mabango yao hayakufika.

Huko kaskazini kuna kisiwa cha Simeulue. Wazee wake walipatwa na tetemeko na mawimbi mwaka 1907, wakaliita jambo lile smong, na wajukuu wakalirithi neno hilo kwa hadithi na nyimbo: nchi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, panda mlimani. Mwaka 2004 mawimbi yalifika kwao mapema kuliko karibu kila mahali. Katika watu wapatao 78,000 walikufa 7. Ng’ambo ya pili, Aceh, walikufa zaidi ya laki moja.

Nisimfanye msomaji adhani kwamba hadithi inatosha. Tarehe 25 Oktoba 2010 Mentawai yenyewe ilitikisika, usiku, kwa mtikisiko wa taratibu uliodumu. Wengi walikuwa wamefundishwa kuogopa mtikisiko mkali, huu hawakuuogopa. Walikufa zaidi ya 400. Wataalamu wakalazimika kusahihisha somo: usipime ukali tu, pima na muda.

Mwaka 2011 Australia, India na Indonesia zilianza kutoa tahadhari kwa nchi zote za Bahari ya Hindi, zetu zikiwamo. Ni jambo jema, ingawa tahadhari ikifika ofisini haijamfika mtoto anayeokota kombe.

Nilipopata ujasiri wa kulifundisha somo hili upya, niliandika ubaoni ile kanuni ya Simeulue kama ilivyo, nikaanza na nchi ikitikisika. Mvulana wa nyuma akanyoosha kidole. “Mwalimu, siku ile ulisikia mtikisiko wowote?” Sikusikia. Sumatra iko zaidi ya kilometa 6,000 kutoka kwetu. Sisi tulipata maji tu. Nikachukua kitambaa, nikaufuta mstari wa kwanza, nikaacha ule wa bahari.