Ukuta wa Vienna na Kuta za Usukuma

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini alikuwako mchoraji mmoja aliyesimama nje, akautazama ukuta mpaka ukasema naye. Huyo ni Egon Schiele, Mwaustria aliyezaliwa mjini Tulln mwaka 1890. Mwaka 1914 alichora ukuta wa nyumba wenye madirisha mengi, na picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la Belvedere, Vienna. Ukuta umetanda karibu picha nzima. Madirisha hayalingani, na kila moja kama jicho lenye siri yake. Mtazamaji hana budi kuwafikiri walio nyuma yake. Ndiyo maana ya ekspreshonizimu: kuchora kitu, si kama jicho likionavyo, bali kama moyo ukihisivyo. Schiele alifariki tarehe 31 Oktoba 1918 kwa homa ya mafua, siku tatu baada ya mkewe. Maradhi hayo hayo yaliwaua watu wengi katika Afrika ya Mashariki pia.

Msafiri apitaye Bugarama, karibu na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001, huona nyumba za matofali na bati, madirisha yakitazama barabarani. Aweza kudhani ya kuwa kuta za nchi hizi hazina historia ila ya dhahabu. Sivyo. Katika Usukuma ya zamani, Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka na waganga wa sumu yake, walichora ndani ya nyumba zao sura za nyoka, wanyama na watu. Mpita njia hakuziona, maana zilikuwa kitabu cha mwanachama mpya aliyefundwa siri za chama. Kwa Schiele ukuta ndio uliochorwa. Kwa Bayeye ukuta ndio uliokuwa karatasi. Hata hivyo wote walitafuta jambo moja, nalo ni kulidhihirisha lile lisiloonekana.

Lakini turubai hukaa, udongo huanguka. Nyumba ilipobomoka, picha zilikwenda nayo. Bahati njema, Mwaustria mwingine, Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, alizikusanya nakala zake na kuzichapisha katika kitabu mjini London mwaka 1953. Karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Twamshukuru, lakini nakala haina giza la nyumba ile, wala sauti ya mwalimu aliyeieleza kila sura. Sauti hiyo hutafutwa kwa wazee, na mzee hangoji mwanafunzi amalize mitihani. Itakuwa aibu kwetu kujua kila dirisha la Vienna, na kutojua nyoka wa ukutani kwetu alifundisha nini. Basi, msomaji, mlango ungaliko. Fungua uingie ndani.