Masanduku ya Habari na Mwenye Ufunguo

Katika kuadhimisha miaka kumi ya chama chetu kikuu, mengi yamenenwa juu ya maghala, mizani na bei. Sisi twapenda kutumia ukurasa huu kusimulia historia ya jambo lionekanalo dogo, yaani sanduku ambamo habari ya mkulima hukaa hata ipate wa kuifungua. Hasara nyingi zimeanzia hapo.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa utawala wa Wajerumani. Lakini reli ilipita chini, na watu wa Mgeta, Matombo na Kinole walikuwa juu milimani. Mwaka 1933 posta za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa; Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977; na Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi mwaka 1994. Wenye posta walibadilika, lakini desturi moja ilidumu: kwa walio wengi, barua haikuletwa mlangoni. Aliyetaka barua alikodi sanduku posta.

Anwani hizo zilikuwa za namna nne. Ya kwanza ni sanduku la mtu mmoja, na ufunguo wake mfukoni mwake. Ya pili ni sanduku la shule, misheni au duka, ambalo wanakijiji wengi waliandikiwa humo kwa kupitia kwa mwalimu, padre au mwenye duka. Ya tatu ni mfuko wa kufuli, ambao posta ina ufunguo mmoja na ofisi iandikiwayo ina mwingine. Ya nne ni barua iliyowekwa posta kumngoja mwenyewe aje kuiulizia.

Wengi wetu tumelelewa na sanduku la namna ya pili. Twamkumbuka mzee mmoja wa milimani aliyeitwa kwa barua kwenye shauri la shamba lake. Barua ilimfikia siku tisa baada ya shauri kwisha, kwa kuwa ilikuwa imelala chini ya daftari la madeni dukani. Mwenye duka hakuwa mtu mwovu. Ila hakuna aliyemkabidhi kazi ile kuwa ni yake.

Siku hizi ofisi yetu ina simu yenye masanduku ya sauti. Huko Marekani, Gordon Matthews alipewa haki ya uvumbuzi wa mtambo wa namna hii mwaka 1983. Masanduku yake nayo ni ya namna nne. Lipo la mtu mmoja, kama la meneja au mhasibu, lifunguliwalo kwa namba ya siri. Lipo la pamoja, ambamo wakulima huacha shida zao, na watumishi kadhaa waweza kuzisikiliza. Lipo la kutangaza tu, lisemalo bei na siku ya mizani wala lisipokee neno. Hilo ni mbiu ya mgambo ya zama hizi. Tena lipo la kuongoza, limwambialo apigaye abonyeze moja kwa malipo au mbili kwa pembejeo, kisha limpeleke panapohusika.

Kila moja lina kazi yake, na kila moja lina maradhi yake. La mtu mmoja likijaa halipokei tena. La kutangaza lisipobadilishwa husema bei ya juma lililopita, na mkulima huteremka na mkungu wa ndizi kichwani kwa bei iliyokwisha kufa. Lakini la kuogopwa zaidi ni la pamoja, maana kila mtumishi hudhani mwenzake amekwisha kulisikiliza. Hapo twarudi dukani, chini ya daftari la madeni.

Kwa hiyo twawaomba viongozi: kila sanduku liandikiwe jina la mtu mmoja wa kulifungua kila asubuhi, na liwepo daftari lionyeshalo nani ameuliza, na amejibiwa siku gani. Nanyi wanachama, mpigapo simu, tajeni jina, kijiji na chama chenu cha msingi, kisha semeni haja kwa maneno machache. Na jibu lisipokuja, yawapasa kuuliza ufunguo uko kwa nani. Hiyo ni haki ya kila mwenye hisa.